Ukisusa, wenzio twala

Januari 2024 Loblaw, kampuni inayoongoza kwa uuzaji wa vyakula nchini Kanada, iligusa kibandiko. Katika maduka yake, nyama, mikate na mboga zinazokaribia tarehe ya mwisho zilikuwa zikibandikwa karatasi ya punguzo, mara nyingi nusu bei. Kampuni ikasema kuanzia sasa punguzo litakuwa asilimia 30, ili iende sambamba na washindani wake.

Asiyenunua kwa kibandiko ataona ni jambo dogo. Anayenunua kwa kibandiko anaijua hesabu yake. Huyo huingia dukani jioni akitoka kazini, haangalii biskuti wala juisi, anakwenda moja kwa moja kwenye friji ya nyama na kugeuza pakiti moja baada ya nyingine akiitafuta ile karatasi. Akiipata, nyama ataigandisha usiku huohuo ili imfikishe mwisho wa juma. Tuseme pakiti ya kuku ni dola 14. Kwa nusu bei atalipa saba, kwa punguzo jipya atalipa karibu kumi. Dola tatu hizo ni maziwa ya mtoto, na zinadaiwa juu ya chakula ambacho keshokutwa kingetupwa. Watu walipiga kelele, wanasiasa nao wakapaza sauti, na baada ya siku chache kampuni ikarudi nyuma.

Kelele hizo ndizo zilizoonyesha kwamba jitu hili linaweza kusogezwa. Kundi la wateja lililokuwa limeanza kama uwanja wa kulalamikia bei mtandaoni likakusanya makumi ya maelfu ya watu, na likatoa mwito: mwezi mzima wa Mei 2024 asinunue mtu chochote kwenye duka la Loblaw. Kundi lilitaka bei zishuke kwa asilimia 15 na kampuni isaini kanuni za maadili za sekta ya vyakula, kanuni ilizokuwa ikizikwepa.

Nauunga mkono mgomo ule kwa moyo wote. Pia naamini uliwafundisha walioufanya, na unaweza kutufundisha sisi tulio mbali, kwamba kususia duka kunafanya kazi tofauti na ile ambayo wengi wanaitarajia.

Hasira ya Wakanada ilikuwa na mizizi. Septemba 2022 bei za vyakula madukani zilikuwa zimepanda kwa asilimia 11.4 kwa mwaka, kasi ambayo nchi ile haikuwa imeiona tangu 1981. Vita vya Ukraine vilipandisha ngano na mbolea, mafuta ya magari yalipanda, meli zilichelewa. Wenye maduka waliitwa bungeni Machi 2023, na mkuu wa Loblaw wa wakati huo, Galen Weston, akawaambia wabunge kwamba kampuni yake inapitisha tu gharama inazotozwa na wengine. Kwa sehemu kubwa alisema kweli. Hakuna muuza duka aliyeanzisha vita.

Sehemu iliyobaki ndiyo yenye uchungu. Miezi michache baadaye Ofisi ya Ushindani ya Kanada ilitoa ripoti ikaonyesha kwamba makampuni matano yanauza zaidi ya robo tatu ya chakula chote wanachonunua Wakanada. Matatu ya nyumbani, yaani Loblaw, Sobeys na Metro, kwa mwaka 2022 yaliuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 100 na kupata faida ya zaidi ya dola bilioni 3.6. Tangu 2017 sehemu inayobaki mkononi mwa muuzaji baada ya kulipia bidhaa ilikuwa imeongezeka kwa pointi moja au mbili za asilimia. Pointi moja inasikika kama si kitu. Katika mauzo ya bilioni 100, hata tukikumbuka kwamba si yote ni chakula, pointi moja inakaribia dola bilioni moja, na bilioni hiyo imechotwa senti kwa senti kwenye vikapu vya watu wanaotafuta kibandiko.

Halafu kuna mkate. Desemba 2017 Loblaw na kampuni mama yake, George Weston, walikiri kwamba tangu 2001 hadi 2015 walishiriki katika mpango wa kupangiana bei ya mkate na wenzao wa sekta hiyo. Miaka kumi na minne. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alifika sekondari akila mkate wa bei ya njama. Kwa kuwa walijitokeza wenyewe kwenye mamlaka, walipewa kinga ya kutoshtakiwa. Wateja walipewa kadi ya dola 25, ya kutumia katika maduka yaleyale ya Loblaw. Kampuni nyingine, Canada Bread, ilikiri kosa mahakamani mwaka 2023 ikatozwa faini ya dola milioni 50. Loblaw na mama yake walikubali Julai 2024 kulipa dola milioni 500 kumaliza kesi ya madai ya walaji, milioni 96 kati ya hizo zikiwa ni zile kadi zilizokwisha kutolewa.

Mwaka 2020 nako hakukusahaulika. Korona ilipoingia, makeshia na wapanga rafu waliitwa mashujaa na kuongezewa dola mbili kwa saa. Juni mwaka ule minyororo mitatu mikubwa iliondoa nyongeza hiyo kwa wakati mmoja. Wakuu wao waliitwa bungeni kueleza ilikuwaje wote wakaamua pamoja, na bunge baadaye likabadili sheria ili waajiri wanaopatana kubana mishahara waweze kushtakiwa kwa jinai. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya rafu Mei 2024 akaamua kutochukua kitu alikuwa na miaka ishirini ya sababu.

Matokeo? Hesabu za Loblaw za robo ya pili ya mwaka 2024, zinazobeba mwezi wa mgomo, zilionyesha mapato yamepanda kwa asilimia 1.5. Yamepanda. Bei hazikushuka kwa asilimia 15, wala kwa tano.

Wahenga wa pwani walisema ukisusa, wenzio twala, na mwenye duka kubwa anaishi kwa usemi huo. Anajua kwamba kwa kila mteja mmoja aliyeamka na msimamo wapo kumi waliochelewa kazini, wenye mtoto anayelia, wanaopita dukani kwa sababu liko njiani. Tena duka lenyewe limejipanga. Loblaw haina jina moja. Ukikasirikia Real Canadian Superstore ukaenda No Frills kwa kuwa ni rahisi zaidi, umebaki kwenye mfuko uleule. Ukiacha chakula ukaenda kununua dawa Shoppers Drug Mart, bado umo. Hata T&T, duka la vyakula vya Kiasia, ni lao. Mteja aliyedhani ametoka nje alikuwa amehamia chumba cha pili cha nyumba ileile.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawakulijua. Minyororo mikubwa imekuwa na desturi ya kuingiza katika mikataba ya viwanja na upangaji sharti linalozuia duka jingine la vyakula kufunguliwa karibu. Duka linaweza hata kuhama, na sharti likabaki kwenye ardhi, eneo likakaa bila mtu wa kuuza nyanya. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba Ofisi ya Ushindani inawachunguza wamiliki wa Loblaw na Sobeys kwa masharti hayo. Mwaka uliofuata jimbo la Manitoba likapitisha sheria ya kuyabana.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu ndipo kiini kilipo. Kususa kunahitaji pa kwenda. Mtu mwenye gari Toronto anaweza kuzunguka Costco, soko la wakulima, duka la Mhindi, duka la Mchina. Familia nyingi za Kikongo na Kirundi zilizohamia miji ya Kanada zinajua pia njia ya kwenda kwenye duka dogo la Kiafrika kutafuta unga, dagaa na mihogo. Lakini mama mzee asiye na gari, katika mji mdogo wenye duka moja, Februari theluji ikiwa imefika magotini, hana wa kumsusia. Yeye ndiye anayeumizwa zaidi na bei, na yeye ndiye asiyeweza kugoma. Watetezi wa mgomo hatuna budi kumfikiria huyu kwanza. Mwenye uwezo wa kuzunguka anaposusa, anasusa kwa niaba yake pia, na kama madai yake yanaishia kwenye punguzo la mwezi mmoja, huyu mama hakupata kitu.

Ndiyo maana sikubali hoja kwamba mgomo ulishindwa kwa kuwa mapato yalipanda. Katikati ya mwezi wa mgomo Loblaw ilitangaza iko tayari kusaini zile kanuni ilizokuwa imezikataa, iwapo washindani wake nao watasaini, na Julai wakubwa wote wakawa wamekubali. Mkuu mpya wa kampuni, Per Bank, alikaa mezani na mratibu wa kundi la wateja. Kampuni isiyoumia haifanyi hivyo. Ila tazama kilichopatikana: kanuni hizo zinahusu jinsi duka linavyomtendea msambazaji, mambo ya tozo na makato ya kushtukiza. Ni jambo jema, na huenda likamsaidia mkulima na mwenye kiwanda kidogo. Bei iliyo kwenye rafu haimo. Wateja walipigana mwezi mzima, na ushindi wao wa wazi kuliko wote ukaandikwa kwa jina la watu wengine.

Kroatia walijaribu njia nyingine. Nchi ile iliingia kwenye sarafu ya euro Januari 2023, na watu wakaona bei zikipanda hadi wanaoishi mipakani wakawa wanavuka kwenda nchi jirani kununua vitu vyao. Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2025 kundi la kutetea walaji liitwalo Halo, inspektore liliomba watu wasinunue kitu kwa siku hiyo moja. Maegesho ya supamaketi yalibaki wazi. Mamlaka ya kodi, ambayo kule huona risiti zinavyotoka, ikatangaza kwamba thamani ya mauzo ya rejareja ilianguka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na Ijumaa iliyotangulia. Moto ukaruka hadi Bosnia, Montenegro, Masedonia Kaskazini na Serbia, ambako wananchi walitajiwa kwa majina minyororo mitano ya kususia.

Siku moja haimuumizi mwenye duka. Mkate usioununua Ijumaa utaununua Jumamosi, na kama ulijua mapema ulishaununua Alhamisi. Hata hivyo mwanzoni mwa Februari serikali ya waziri mkuu Andrej Plenković iliongeza bidhaa zenye ukomo wa bei kutoka 30 hadi 70. Serikali ilitishwa na ile picha: taifa zima limekubaliana jambo kwa siku moja bila chama, bila mgombea, bila posho. Mwanasiasa anajua kuhesabu watu kuliko muuza duka anavyojua.

Hapo sasa tofauti inaonekana. Wakanada waliomba kwa mwenye duka, wakampata mwenye duka kidogo. Wakroatia walipiga duka, serikali ikaitika. Naona Wakroatia walisoma mchezo vizuri zaidi, ingawa ukomo wa bei ni dawa ya muda: bidhaa 70 zikibanwa, zile nyingine elfu kadhaa zinabaki pale pale kwenye rafu zikisubiri kufidia.

Ukitaka kuona mgomo uliouma kwelikweli njoo Afrika. Aprili 2018 wananchi wa Moroko walichagua majina matatu: maziwa ya Centrale Danone, maji ya Sidi Ali, na vituo vya mafuta vya Afriquia. Hawakugusa makampuni mengine ya maziwa, maji wala mafuta. Hakuna aliyeambiwa alale na njaa. Aliambiwa achukue pakiti ya jirani kwenye rafu ileile. Mwito haukuwa na kiongozi wa kukamatwa wala ofisi ya kufungwa. Na Afriquia ilikuwa mali ya Aziz Akhannouch, waziri wa kilimo wa wakati huo, kwa hiyo kila lita isiyonunuliwa ilikuwa na ujumbe.

Waziri wa fedha aliwadharau waliosusa akisema bungeni ni watu waliochanganyikiwa. Waziri mwingine, Lahcen Daoudi, alionekana akiandamana na wafanyakazi wa Danone dhidi ya mgomo, na umma ulivyomjia juu akaomba kuachia ngazi. Danone ikamtuma mkuu wake wa dunia, Emmanuel Faber, hadi Moroko kusikiliza watu, na Septemba kampuni ikashusha bei ya maziwa na kuahidi kutotafuta faida katika maziwa yale ya kawaida.

Ushindi huo ulilipiwa. Kampuni ilikuwa ikinunua maziwa kwa wafugaji wapatao 120,000, wengi wao wenye ng'ombe wachache tu. Mauzo yalipoanguka ilitangaza kupunguza ununuzi kwa asilimia 30, na vibarua mamia wakasitishiwa mikataba. Ng'ombe hajui habari za mgomo. Anakamuliwa asubuhi na jioni, na maziwa yasiyochukuliwa yanamwagwa. Wapo wanaotumia habari hii kusema kwamba kususia ni kumpiga maskini. Mimi nasema mwenye kampuni ndiye aliyechagua nani abebe hasara, na alimchagua aliye chini. Lakini wanaoitisha mgomo nao wanapaswa kujua kabla ya siku ya kwanza kwamba atachaguliwa huyo, wakamsemee kwa sauti ileile wanayosemea bei.

Kwetu Afrika Mashariki swali la kwanza ni nani wa kususiwa. Tanzania minyororo mikubwa ilikuja ikaondoka: Shoprite iliuza maduka yake mwaka 2014, aliyenunua alikuwa Nakumatt, naye akaanguka. Wengi wetu tunanunua gengeni, sokoni na kwa Mangi, mwenye duka dogo la mtaani: robo ya sukari, mafuta ya kupima, mchele nusu kilo, na jina kwenye daftari la madeni mwezi ukiwa mrefu. Kumsusia Mangi ni kujifungia mlango wa mkopo. Tena bei si yake. Mwanzoni mwa 2024, mvua zilipovuruga uzalishaji viwandani na sukari ikaadimika, serikali ilitoa bei elekezi, na bado watu walinunua kwa bei iliyopita ile iliyotangazwa. Mangi aliyenunua jumla kwa bei ya juu angeuzaje kwa bei ya gazeti la serikali? Alichokuwa nacho mnunuzi ni ugomvi na jirani yake.

Wanawake wa Kiyahudi wa New York walikutana na fumbo hilihili Mei 1902. Nyama iliyochinjwa kwa taratibu za dini yao ilipanda kutoka senti 12 hadi 18 kwa ratili. Wauza nyama wadogo walikuwa wametangulia kufunga mabucha yao kuwapinga wenye machinjio makubwa, wakashindwa. Ndipo wanawake wakatoka nyumba kwa nyumba kuwazuia wenzao wasinunue. Kulikuwa na fujo, nyama ikamwagiwa mafuta ya taa, watu wakapelekwa mahakamani. Juni bei ikashuka hadi senti 14. Ninachokitazama mimi ni ule mfuatano: muuzaji mdogo na mnunuzi walikuwa na adui mmoja, na walipigana naye kwa zamu badala ya pamoja.

Kenya, ambako supamaketi zimeota mizizi, tayari kuna dalili ya njia ninayoisemea. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya nchi hiyo iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu yake ya ununuzi dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Walikuwa wakikatwa marejesho kwenye malipo yao na kubebeshwa gharama za duka. Makato ya namna hiyo hayapotei hewani. Anayekatwa atapandisha bei ya jumla, na atakayeilipa ni anayenunua asali. Kesi ile ililetwa na wasambazaji waliothubutu kusema. Wanunuzi hawakuwapo, ingawa risiti zao ndizo zilizokuwa zikizungumzwa.

Ningependa kuona wakiwapo. Tanzania ina Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kupangiana bei ni kosa kwa sheria hiyo. Mara nyingine sukari au mchele ukipaa, chama cha walaji na chama cha wauza maduka ya rejareja waende pamoja mlangoni mwa tume wakiwa na ankara zao za jumla mkononi, waulize ghala ni la nani, kibali cha kuagiza kilitoka lini na kwa nani, na mzigo ulikaa siku ngapi bila kuuzwa. Wakinyimwa majibu, basi watu wasusie chapa moja tu yenye jina, ambayo ina mbadala kwenye rafu ya Mangi yuleyule, na wasusie hadi majibu yatoke. Mangi hatapoteza kitu kwa kuuza chapa nyingine. Mkulima wa miwa na kibarua wa kiwandani watajwe kwenye madai tangu barua ya kwanza, ili mwenye kiwanda asije akawaweka mbele kama ngao.